Mkate wa Elmurod

Alhamisi moja mwishoni mwa Februari, Sanobar alibandika mikate kumi na miwili kwenye ukuta wa tanuri lake, akafunika mdomo wa tanuri kwa bati, akaingia ndani kuchukua kitambaa cha kufungia mikate itakapoiva. Kitambaa kilikuwa kwenye msumari wa pili. Kwenye msumari wa kwanza ulining'inia mkate wa mwanawe Elmurod, na mkate huo ulikuwa umeng'atwa mara ya pili.

Sanobar akausogelea. Tonge la kwanza lilikuwa la Oktoba, na ukingo wake ulishakauka ukawa wa njano kama ubao wa zamani. Tonge la pili lilikuwa jipya. Ndani yake mkate ulikuwa mweupe na laini, kana kwamba umetoka tanurini jana, ijapokuwa ulikuwa na miezi minne. Katikati ya alama za meno palibaki kijiukuta chembamba, pale ambapo jino la mbele la Elmurod halifiki, kwa sababu lilivunjika nusu alipoanguka kutoka kwenye mti wa aprikoti akiwa na miaka tisa. Ukingoni palikuwa na chembe za barafu. Sanobar alizigusa, zikayeyuka kidoleni. Akasema Bismillahi, akachukua kitambaa, akatoka, kwa maana mkate ulio tanurini haumngoji mtu.

Huku kwetu Kosonsoy, kijana anapoondoka kwenda mbali, jeshini au kazini, mama yake humpa mkate mzima mlangoni. Kijana huung'ata mara moja tu. Unaobaki hufungwa uzi na kuning'inizwa ukutani, na hakuna anayeugusa, kwa sababu hiyo ni riziki yake inayomngoja, na riziki ya mtu humwita. Akirudi, hukaa na nduguze akaumaliza, hata kama umekuwa mgumu kama tofali. Huloweshwa kwenye chai. Mkate ukiisha kabla hajarudi, hakuna tena cha kumvuta. Mjomba wa Mastura, jirani wa Sanobar, mkate wake uliliwa na mbuzi katika mwaka wake wa pili wa jeshi. Hadi leo yuko Siberia, analima kabichi, na afya yake ni njema.

Mastura ndiye aliyekuja kwanza kutazama. Alipitia kwenye kijilango kilicho kati ya nyua mbili, mikono yake ikiwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Panya," akasema kabla hajafika.

"Panya ana jino la mbele lililovunjika?"

Mastura akainama, akatazama, akanyanyua kichwa. "Huyo Elmurod. Panya angekula kwa adabu kidogo. Huyu mtoto wako tangu zamani anakula kama anafukuzwa na mbwa."

"Mastura."

"Nini? Nasema uongo? Kwenye harusi ya binti yangu alimaliza sahani ya wazee watatu."

"Alikuwa na miaka kumi na minne."

"Na sahani ilikuwa ya wazee watatu." Kisha mbele ya macho yao mkate ulitikisika kidogo kwenye uzi wake na tonge la tatu likatoka. Halikutoa sauti. Wanawake wawili walilitazama likitoka kama mtu anavyotazama maji yakipungua kwenye birika.

"Shoga," akasema Mastura kwa sauti ya chini, "yule mtoto ana njaa."

Jumapili Elmurod alipiga simu kutoka kaskazini, alikokwenda kwa kazi ya mkataba. Vijana wa huko kaskazini hawaruhusiwi kukaa na simu zao. Hukusanywa getini, na kila Jumapili msimamizi huwapa dakika nne nne kwenye simu yake, naye husimama pale pale.

"Mama, assalamu alaykum. Niko salama. Nakula vizuri."

"Unakula nini, mwanangu?"

"Nyama. Kila siku nyama."

Sanobar alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Elmurod aliposema nyama, mkate ulipoteza tonge. Aliposema supu, ukapoteza jingine. Sanobar akamwomba aache kutaja vyakula, amwambie habari za hali ya hewa. Elmurod akasema kuna baridi lakini siyo kali, na ukingo wa mkate ukaota barafu nene hivi kwamba mama yake aliweza kuikwangua kwa ukucha.

Basi Sanobar akafanya ambalo mama yeyote wa mtaa wetu angelifanya. Alipigilia msumari mwingine kando ya ule wa kwanza, akaning'iniza mkate wa moto, uliopakwa ufuta na habasoda, ili mwanawe ale huo na kuacha ule wa riziki yake. Kabla ya adhuhuri mkate ule ulikuwa umeliwa wote, ukabaki uzi. Lakini haukuliwa na Elmurod peke yake. Sanobar alikuwa amekaa akitazama, na aliona meno mengine: mapana, membamba, yaliyopandana, na mmoja ambaye alitafuna upande wa kushoto tu.

Alimwita Hojar, anayekaa karibu na kisima. Mwanawe Nodir alikwenda kaskazini siku moja na Elmurod, kwa mkataba mmoja. Jumla walikuwa vijana kumi na mmoja kutoka mtaa huu, na wote walipelekwa na Turgun-aka, wakala mwenye ofisi ndogo nyuma ya duka la simu.

Hojar alitazama upande wa kushoto uliotafunwa, akaweka kiganja mdomoni. "Gego lake la kulia. Nilimwambia aling'oe kabla hajaondoka. Nilimwambia mara ngapi?"

Kufikia Jumatatu wanawake wote wenye watoto kaskazini walikuwa wamefika na unga wao. Mikate ya riziki ya vijana wengine, kila mmoja kwenye ukuta wa nyumba yake, haikuguswa. Njia ilikuwa imefunguka kwa Sanobar tu, na mtu hachagui mahali kisima kinapotokea. Walipigilia misumari ishirini na minne. Tanuri liliwashwa mara mbili, alfajiri na saa nne asubuhi. Kila mama aliyajua meno ya mwanawe na alisimama mbele ya mkate wake kumtazama akila, na wengine waliongea naye. "Tafuna kwanza, ndipo umeze," walisema. "Mwachie na mwenzako." Siku ya Navruz, sikukuu ya kuingia machipuko, waliandaa sambusa za mnanaa na majani mabichi ya machipuko, wakazining'iniza. Zililiwa pamoja na uzi.

Kulikuwa na mdomo wa kumi na mbili. Ulikuwa na meno madogo ya kutengana, na hakuna mama aliyeyatambua.

"Si wetu," akasema Hojar.

"Ni wa mama fulani," akasema Sanobar, na akamtengea msumari.

Walijaribu pia mikate ya jioni. Hiyo ililiwa na watu wa zamu ya usiku, vinywa arobaini au hamsini ambavyo havikujulikana kabisa, na iliisha kabla mtu hajamaliza kufunga fundo la uzi. Wanawake walitazamana. Unga wa mtaa mzima usingetosha. Wakarudi kwenye mikate ya asubuhi.

Hivyo ilipofika magharibi vijana walikuwa na njaa tena, na Elmurod zaidi ya wenzake, kwa sababu Elmurod ni mtu wa kugawa. Asubuhi alikula kidogo ili wengine wapate. Jioni, alipobaki peke yake na njaa yake, aliurudia mkate wake mwenyewe, ule wa msumari wa kwanza. Tonge moja, wakati mwingine mawili. Katikati ya Machi ulikuwa umebaki nusu. Sanobar aliupima kila siku baada ya swala, kwa vidole, na kila siku kulikuwa na kidole kinachokosa mahali pa kukaa.

"Ukiisha hatarudi," alimwambia Mastura.

"Atarudi. Mjomba alikuwa mjinga tangu hapo."

"Mjomba wako alikuwa na mchumba hapa, na nyumba, na ng'ombe. Mkate ulipoisha akaandika kwamba haoni sababu."

Mastura alinyunyiza unga ubaoni. Akaendelea kukanda.

Jumatano na Ijumaa jioni Sanobar alikuwa na darasa. Yeye ni wa kizazi kilichosoma kwa herufi za zamani, tena alisoma kidogo, kwa kuwa vuli nzima watoto walikuwa shambani wakichuma pamba. Serikali ilipobadilisha herufi, akabaki nje kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake. Mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na sita, alijiandikisha. Mwalimu alikuwa Zumrad, binti wa miaka ishirini na nne aliyewaita wanafunzi wake wote mama. Alimpa Sanobar kijitabu cha maua ya bustani ya mwanzo wa machipuko, chenye maandishi makubwa na picha, akamwagiza asome kwa sauti nyumbani, ukurasa mmoja kila siku.

Sanobar alikipenda kijitabu kile kuliko alivyotarajia kupenda kitu chochote katika umri wake. Alisoma akiwa ameketi chini ya ukuta wa mikate, maana hapo ndipo taa ilipokuwa, kidole chake kikitembea chini ya mstari.

"Boy-che-chak," alisoma, "ha-li-ngoji theluji iyeyuke. Huitoboa. Ukiliona, usilichume la kwanza."

Asubuhi alitoka kwenda kuhakikisha. Chini ya ukuta wa bustani, pale theluji ilipobaki kama shuka chafu, maua madogo meupe yalikuwa yamesimama, kumi na manne. Hakulichuma la kwanza. Hakuchuma hata la pili. Alimshukuru Mungu kwa boychechak na kwa herufi, kwa pamoja, kwa kuwa vilimfikia ndani ya juma moja.

Siku ya tatu ya kusoma aligundua kwamba mkate haukupungua. Akapima tena. Vidole vyote vilikaa mahali pake. Jioni iliyofuata alisoma habari za binafsha, ua dogo la zambarau linaloota kivulini, akiinua macho kwenye msumari kila mwisho wa mstari. Saa ambayo Elmurod hula ilifika. Mkate ukatikisika, kama mtu anayesogea karibu. Haukung'atwa. Sanobar aliponyamaza ili ameze mate, tonge dogo likaanza kutoka ukingoni. Akaanza upesi, "Hupenda udongo wenye mbolea ya majani," na meno yakaachia.

"Anasikiliza," alimwambia Mastura kesho yake.

"Elmurod? Kuhusu mbolea?"

"Kuhusu mbolea."

"Shuleni hakuwahi kusikiliza hata habari za vita."

"Shuleni alikuwa ameshiba."

Habari ilienea, na jioni ile wanawake walikuja wote na mito ya kukalia. Sanobar alisoma kwa saa nzima, polepole, kwa sababu hakuweza kusoma haraka. Alisoma kuhusu zafarani ya bustani, na jinsi vitunguu vya tulipu vinavyopaswa kuzikwa kina cha viganja viwili. Kijitabu kilikosea mahali pamoja. Kilisema irisi hutangulia ua la aprikoti, na dirishani mti wa aprikoti ulikuwa mweupe mzima huku irisi zikiwa bado panga za kijani. Sanobar aliusoma ukurasa jinsi ulivyo, kisha akaongeza kwa maneno yake, ili vijana wasidanganyike. Hakuna tonge lililotoka saa ile. Ulikuwa usiku wa kwanza, alisema Hojar kesho yake, ambao hakuota mwanawe akilamba kijiko kitupu.

Wiki ya pili ya Aprili, Turgun-aka alikuja. Alivua viatu mlangoni, akawasalimia wote kwa mikono miwili kifuani, akatazama ukuta.

"Opa, dada yangu, ni hii?"

"Ndiyo hii. Chai ipo."

Turgun-aka alikunywa chai. Kisha alitoa mkanda wa kupimia, akapima ukuta urefu na kimo, akahesabu misumari, akauliza tanuri linachukua mikate mingapi kwa mara moja. Aliandika. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mimi nilikuwa najiuliza," akasema. "Wale watu huko juu walinipigia wakasema, jiko limefungwa tangu Januari, mpishi amekwenda zake, lakini vijana bado wanasimama. Tena wananenepa kidogo. Nikasema, haiwezekani. Kumbe akina mama. Mungu awazidishie."

"Jiko limefungwa?" akauliza Hojar.

"Kwa muda."

Sanobar aliinuka, akaleta mkataba wa Elmurod kutoka ndani ya Kurani alimouhifadhi. Ulikuwa kwa herufi mpya, na aliusoma mwenyewe, kwa sauti, kidole chini ya mstari, mbele ya wote. Ilimchukua muda mrefu. Turgun-aka alisubiri kwa heshima. Alipofika aya ya sita, Sanobar akasoma: "Ma-mwa-jiri atampa mfanyakazi chakula mara tatu kwa siku."

"Mwajiri," akasahihisha Turgun-aka kwa upole.

"Mwajiri. Mara tatu."

"Umesoma vizuri sana, opa. Nani anakufundisha?"

"Zumrad."

"Binti mzuri." Akakunja mkanda wake. "Sasa mimi nakuuliza, kama dada yangu. Vijana wanakula au hawali?"

"Wanakula."

"Basi aya ya sita imetimia. Nani ataleta ugomvi kwa jambo lililotimia?" Akamaliza chai, akageuza piali yake ya chai kuonyesha kwamba imetosha, akaondoka kwa baraka nyingi.

Siku kumi baadaye alirudi na barua. Kampuni iliwashukuru akina mama wa Kosonsoy kwa ushirikiano. Iliomba mikate iwe tayari kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na iwe bila kitunguu, kwa sababu ya harufu mabwenini. Mwisho kulikuwa na aya kuhusu kusoma. Ilisema kwamba kila siku jioni, katikati ya zamu, wafanyakazi kumi na wawili huweka chini sepeto, huvua kofia, na kusimama kwa saa nzima wakielekea kusini. Walipoulizwa wanafanya nini, walisema wanajifunza kuhusu tulipu. Kampuni haikukataza. Ilieleza tu kwamba kila saa ya kusikiliza itaongezwa mwishoni mwa mkataba kama nusu siku ya kazi.

Mkataba ulikuwa uishe Novemba mosi.

Hojar ndiye aliyesema. "Sanobar, usinichukie. Mwanangu mkate wake wa riziki uko nyumbani kwangu, mzima, haujaguswa. Wewe unasoma ili wako usiishe. Na kwa kila saa unayosoma, Nodir anabaki huko nusu siku."

"Hojar," akasema Mastura, "huo unga unaokandwa hapa..."

"Mwache," akasema Sanobar. "Anasema kweli."

Jioni ile hakusoma. Aliketi chini ya ukuta na kijitabu magotini, kimefungwa. Giza lilipoanza kuingia, mkate wa Elmurod ulitikisika, ukangoja. Ulingoja muda mrefu, kama mtu aliyesimama mlangoni anayedhani hakusikika. Halafu tonge likatoka, na jingine, na la tatu. Kilichobaki kingeweza kufunikwa kwa kiganja. Sanobar aliswali. Hakuomba muujiza, kwa sababu muujiza ulikuwa tayari pale ukutani na haukuwa umemsaidia mtu yeyote kurudi nyumbani. Aliomba aonyeshwe njia ya kutomdhulumu Hojar.

Kesho yake alipanda kwenye kigoda, bila kuufungua uzi, akaweka uso wake karibu na mkate wa Elmurod hadi pua yake ikagusa ukingo na kuhisi baridi. Akafungua kijitabu. Akasoma kwa kunong'ona, kwa sauti ndogo kabisa ambayo mtu humsomea mtoto mgonjwa sikioni ili wengine chumbani wasiamke. Kwenye misumari mingine nyuzi zilining'inia bila kutikisika. Mkate wa Elmurod ulisogea sentimeta moja, ukagusa shavu lake. Haukung'atwa.

Barua iliyofuata ilithibitisha. Wafanyakazi kumi na mmoja walikuwa wamerudi kwenye sepeto zao. Mmoja alisimama.

Siku zikaanza kuongezwa kwake peke yake. Sanobar alizihesabu pembezoni mwa kijitabu, kwa penseli. Novemba mosi ikawa Novemba ya tatu, kisha ya saba. Alisoma ukurasa mmoja tu kila jioni, kisha nusu ukurasa, kiasi cha kuivusha ile saa mbaya. Mwisho wa Aprili kampuni ilimtumia zawadi kupitia Turgun-aka: kitabu kinene, kurasa mia tisa, jalada gumu, na ombi kwamba asome kwa sauti ya kutosha ili wote wafaidike. Sanobar alikifuta vumbi, akakiweka juu kwenye rafu, mahali pa heshima, kwa kuwa kitabu hakina kosa. Hakukifungua.

Jumapili simu ilipolia, alikuwa amekwisha kuamua la kumwuliza.

"Mama, assalamu alaykum. Niko salama. Nakula nyama."

"Elmurod. Nisikilize. Unajua wanakuongezea siku?"

Upande wa pili msimamizi alikohoa.

"Hali ya hewa ni nzuri," akasema Elmurod.

"Nikiacha, utaachiwa mapema, lakini mkate utakwisha. Unanielewa? Utakuwa huru na hutaona sababu ya kuja. Nikiendelea, watakuweka. Niambie wewe. Nifanye lipi?"

Dakika ya tatu ilipita. Sanobar alisikia upepo, na chuma kikigongwa mbali.

"Mama," akasema Elmurod, "lile ua la tulipu. Ulisema vitunguu vyake vikishachimbuliwa vinawekwa wapi?"

"Mahali pakavu. Penye kivuli. Hadi vuli."

"Na havifi?"

"Havifi. Vinalala."

"Sauti yako imekuwa ndogo siku hizi."

"Ndiyo."

"Inatosha," akasema Elmurod. "Soma tu." Na dakika ya nne ikaisha.

Tangu siku hiyo Sanobar anasoma ukurasa mzima. Ameshakimaliza kijitabu mara tano. Anakijua kwa moyo, lakini bado anaweka kidole chini ya mstari, kwa sababu Zumrad alisema ndivyo inavyofanywa. Mkate umebaki mkubwa kama jani la mzabibu na haupungui. Vijana kumi watarudi Novemba, Inshallah, na mwenye meno ya kutengana atakwenda kwa mama yake, popote alipo. Elmurod, kwa hesabu ya penseli, atarudi Januari. Na kwa kuwa kusoma hakusimami, ikifika Januari itakuwa ni Februari. Mtaani tumekwisha kuzoea. Wageni wakija husimama kidogo mbele ya ukuta, husema mashallah, kisha huuliza bei ya nyanya.

Katikati ya Mei Turgun-aka aliweka meza mbele ya ofisi yake kuandikisha kundi la pili. Fomu zilikuwa mpya, zimechapwa vizuri. Mastura alikuja nayo moja, akipitia kwenye kijilango, akiwa ameishika kwa ncha za vidole ili asiitie unga. Ana mtoto wa mwisho, Jasur, miaka kumi na tisa, na paa la nyumba yao linavuja.

"Nisomee," alisema. "Wewe ndiye msomi."

"Mastura. Umeuona ukuta huu kila siku tangu Februari."

"Nimeuona. Kuna kazi nyingine hapa? Nionyeshe, nimpeleke leo. Nisomee, shoga."

Sanobar akasoma. Alisoma bila kukata maneno, na bila kosa hata moja. Jina la mwombaji. Mwaka wa kuzaliwa. Uzito. Kisha swali la nne: je, mama wa mwombaji yu hai, na ana tanuri? Swali la tano: tanuri linachukua mikate mingapi? Aya ya chakula haikuwepo tena.

Mastura alisikiliza huku anatazama chini.

"Tanuri langu lina ufa," akasema. "Upande wa nyuma. Unadhani watamkataa?"

Sanobar aliisoma fomu tena tangu juu, kwa kuwa hakupenda kujibu bila uhakika. "Hawajaandika kitu kuhusu ufa," akasema.

Hata hivyo Mastura hakutaka kubahatisha. Turgun-aka angepita na mkanda wake siku ya Jumatatu. Mchana ule ule alikanda udongo na manyoya ya kondoo, akaingiza mkono wote ndani ya tanuri hadi begani, akauziba ufa, akaulainisha kwa kiganja kilicholowa. Kisha akawasha moto mdogo wa vijiti vikavu vya mipamba, akaketi kando yake kuuchochea, ili udongo ukauke polepole na usipasuke.